Kwa vijana wapya wa yadi: mti na usishushwe kimyakimya

Juzi niliwatazama vijana wawili wapya wakipakua miti ya mvinje hapa yadini kwetu Changamwe, migongo imepinda kama upinde, kila mmoja akijizungusha kwa kiuno kuelekea kwenye rundo, nikashindwa kunyamaza.

1. Kunja magoti, uvute mti karibu na mwili, kisha ugeuke kwa nyayo. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, huanzia kikomo cha kilo 23 kwa mtu mmoja, tena mzigo ukiwa karibu naye, unashikika vizuri, naye hajipindi. Boriti mbichi iliyolala chini ya rundo haina hata sifa moja kati ya hizo, basi mwite mwenzako.

2. Mti mrefu hubebwa na wawili wa kimo kimoja, kwa bega la upande mmoja, na wa nyuma ndiye atoaye neno, kwani yeye anauona mti wote. Hili nililijua, lakini sikulifuata. Lori lilikuwa limetoka Msambweni, dereva akihimiza apate kuwahi kivuko cha Likoni kabla ya foleni ya jioni, nami nilikuwa mbele. Tulipofika kwenye rundo bega liliniwaka moto, nikauachia mti bila kutamka lolote. Ncha yangu ilipogonga ardhi, mshindo wote ulimrudia mwenzangu. Nikasikia pumzi ikimtoka, nikageuka, nikamwona amekaa mchangani ameshika mtulinga. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mbona hukunambia, ndugu yangu?" Sikuwa na jibu. Kwa miezi mitatu hakuweza kuinua mkono ule, na nyumba yake ilikuwa ikila kwa kibarua cha kutwa. Nililipia picha ya mifupa, nikawa nikimpelekea unga kila Ijumaa, lakini hadi leo nikimwona akivaa kanzu, akitanguliza mkono mbovu polepole, moyo hunishuka.

3. Unapobambua magome, weka mti juu ya panda mbili zinazofikia kiuno, na panga linolewe kabla ya kuanza.

4. Kuomba msaidizi au mkokoteni si uvivu. Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kukubebesha mzigo ambao uzito wake unaweza kukudhuru.

Kesho lori jingine linakuja. Nitasimama kando ya rundo, na nataka kulisikia neno "shusha" kabla ya kila mti kutua.