Askari wa Gazi Alivaa Nini?

SWALI: Bwana Mhariri, sisi ni vijana watatu tunaotengeneza mchezo wa video kuhusu Vita Kuu ya Kwanza katika pwani yetu. Mhusika mkuu ni askari wa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, katika mapigano ya Gazi ya Oktoba 1914. Mchoraji wetu amemvisha kofia ya chuma, buti ndefu na sare ya madoadoa. Babu yangu alipouona mchoro huo alicheka. Tumvisheje ipasavyo?
Msomaji, Kongowea, Mombasa

JIBU: Babu yako alikuwa na haki ya kucheka. Waingereza walianza kuwagawia askari wao kofia za chuma mwaka 1915, tena huko Ulaya walikokuwa wakipigana ndani ya mahandaki, na Wajerumani wakafuata mwaka 1916, kwa hiyo kofia hiyo haikuweza kufika Gazi mwaka 1914. Askari wa KAR alivaa kofia ya kitambaa cha kaki au tarbushi, kaptura ya kaki, na vitambaa vya buluu iliyokoza vilivyozungushwa kuanzia kifundo cha mguu hadi chini ya goti. Wengi walitembea pekupeku au kwa ndala za ngozi, kwa hiyo mvueni buti kwanza.

Adui yake, askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, naye alivaa kaki na vitambaa vya buluu miguuni, jambo ambalo huwachanganya wachoraji wengi. Mtofautisheni kwa tarbushi yake ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye nembo ya tai mbele, na kwa bunduki. Mwanzoni mwa vita vikosi vingi vya Wajerumani vilikuwa bado na bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti inayotoa wingu la moshi, hivyo mpigaji alijulikana alipojificha mara tu alipofyatua. Kwa watengenezaji wa mchezo hiyo ni zawadi: mchezaji atamwona adui kwa moshi wake, ilhali bunduki ya KAR haitoi moshi mwingi wa kumfichua.

Msikubali picha yoyote kabla ya kujua ilipigwa mwaka gani na wapi. Askari aliyesimama mbele ya kamera kwenye gwaride alivaa vilivyo bora, na kwa kuwa picha nyingi za wakati huo ni nyeusi na nyeupe, hazionyeshi rangi halisi za nguo. Sanamu za askari zilizoko Barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, zitawafaa kwa mikunjo ya nguo na namna vifaa vinavyoning'inia mwilini, lakini ni za shaba na zilisimamishwa miaka kadhaa baada ya vita, kwa hiyo rangi msizitafute hapo.

Mkiuendeleza mchezo hadi mwaka 1917, mtalazimika kuwavisha wote upya. Wajerumani, waliozuiwa baharini na manowari za Waingereza, walifika mahali pa kufuma nguo zao wenyewe na kuzitia rangi ya kahawia inayoelekea manjano kwa mdaa, mti ambao wasukaji wa mikeka wanaujua vyema. Msiwasahau pia wapagazi wa Carrier Corps, kikosi cha Waingereza cha kubeba mizigo, waliozaa jina la Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hao walikuwa wengi kuliko askari, na mchezo wenye bunduki tupu bila mtu wa kubeba chakula utamchekesha babu yako mara ya pili.