Jibu: Muziki wa mwisho wa Alien haumo kwenye albamu yangu

Salaam ndugu. Umekwama hapa: umenunua albamu ya muziki wa filamu ya Alien ya 1979, umeisikiliza yote, na ule muziki mpole wa mwisho, majina yanapopita, haumo.

Albamu yako haina kasoro. Kipande hicho hakikutungwa na Jerry Goldsmith, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo. Ni cha Mmarekani Howard Hanson, Simfoni Na. 2, iliyopigwa mara ya kwanza Boston mwaka 1930. Mwongozaji Ridley Scott na mhariri Terry Rawlings walikiweka mwishoni mwa filamu, wakauacha ule wa Goldsmith. Kwa hiyo tafuta kwanza simfoni hiyo, usikilize sehemu ya kwanza kwa subira mpaka wimbo uliouzoea utokeze.

Kama kuna kipande kingine usichokipata, jaribu muziki wa Freud, filamu ya 1962. Huo ni wa Goldsmith mwenyewe, na baadhi ya vipande vyake vilihamishiwa Alien.

Hukusema una toleo gani. Mimi natumia la kampuni ya Intrada la 2007, CD mbili, lenye muziki wote alioutunga Goldsmith, pamoja na ufunguzi wa awali uliokataliwa: tarumbeta moja, pweke, juu ya ala za nyuzi. Naupenda kuliko uliotumika, ingawa ule wa pili unatisha zaidi. Na zile filimbi zenye mwangwi, noti mbili tu! Zisikilize kwa spika za masikioni, usiku, sauti ikiwa ya wastani. Kisha umpe Goldsmith nafasi na ule muziki wake wa mwisho uliowekwa kando. Ni mzuri mno.