Re: Mwanamke kuanza kuvua samaki kwa ndoana huku Uingereza

Dada, umeuliza kama utaonekana kituko ukikaa bwawani na mshipi peke yako. Watakukodolea macho siku ya kwanza, basi. Mimi kero yangu ni wazee wanaokuja kunifundisha bila kuombwa.

Kwanza kata leseni ya mtandaoni ya serikali, halafu lipia kibali cha siku cha bwawa lenyewe. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Mitoni usiguse kuanzia Machi 15 hadi Juni 15, ila mabwawa mengi yako wazi mwaka mzima. Chagua lenye choo na maegesho karibu. Hilo wanaume hawatakuambia!

Usinunue vifaa vya bei. Ufito mwepesi wa mita 4, uzi umefungwa nchani, chelezo kidogo na ndoana ndogo isiyo na kijino (kile kijincha cha nyuma kinachomzuia samaki asichomoke) vinatosha. Chambo ni funza. Mume wangu alipowakuta kwenye friji tulikosana siku mbili. Ukishindwa kuwashika funza hao, mahindi ya kopo yanafaa.

Na usibebe sufuria: samaki hurudishwa majini. Lowesha mikono kabla ya kumshika, usimtoe utelezi wake.