Rais wa Marekani hana mamlaka ya kumfukuza gavana

Je, rais wa Marekani anaweza kumfukuza gavana wa jimbo? Hapana, hawezi. Gavana wa jimbo kule Marekani si mteule wa rais, amechaguliwa na wananchi wa jimbo lake na anaapa chini ya katiba ya jimbo pamoja na ile ya taifa. Rais hakumpa kazi, kwa hiyo hawezi kumnyang'anya.

Tazama Arkansas mwaka 1957. Gavana Orval Faubus alitumia askari wa jimbo kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule ya sekondari Little Rock. Rais Eisenhower aliwaweka askari hao chini ya amri yake, akatuma na jeshi la taifa, watoto wakasindikizwa hadi madarasani. Hapo ndipo nguvu yake ilipoishia: Faubus alibaki ofisini hadi 1967, na kwangu mimi hilo linauma mpaka leo, lakini ndivyo mfumo ulivyo.

Wenye uwezo wa kumtoa ni bunge la jimbo, au wapigakura wenyewe pale sheria ya jimbo inaporuhusu. California mwaka 2003 karatasi ya kura ilikuwa na maswali mawili: Gray Davis aondolewe? Na nani ashike nafasi yake? Wagombea walikuwa 135, akashinda Arnold Schwarzenegger.

Ila usichanganye na India. Kule gavana huteuliwa na rais na anaweza kuondolewa naye. Anayeendesha serikali ya jimbo hasa ni waziri kiongozi.