Kupima ubora wa shule ya kati ya serikali: ombeni daftari la mtoto anayeshindwa

Ndugu mleta mada, umeuliza hivi: mwanao anamaliza shule ya msingi, shule mbili za kati za serikali zinafikika kutoka kwako, moja ina wastani mkubwa wa mitihani na nyingine ina wastani wa kawaida, nawe unataka kujua kama wastani huo unatosha kukuamulia. Wachangiaji wengi waliotangulia wamekujibu kwamba unatosha. Mimi naona hautoshi, na nitaeleza kwa kirefu kwa sababu suala hili nimelitazama kutoka pande zote mbili za meza: nilifundisha hisabati kwa miaka 9 katika shule mbili za aina hiyo, kisha nikawa mzazi wa watoto wawili waliopitia ngazi hiyohiyo. Ninaposema shule ya kati nakusudia ile inayompokea mtoto akiwa na miaka 11 hivi na kumwachia akiwa na 14.

Tuanze na huo wastani. Wastani wa mitihani hueleza kwanza ni watoto gani walioingia, na baadaye sana, kwa sauti hafifu, ndipo hueleza shule iliwafanyia nini. Jambo hili si jipya. Mwaka 1966 mwanasosholojia James Coleman na wenzake walitoa nchini Marekani ripoti iliyohusisha wanafunzi zaidi ya 600,000 katika shule zipatazo 4,000, na wengi walishtuka kusoma kwamba tofauti za alama zilifuata zaidi hali ya nyumbani kwa mtoto, pamoja na watoto aliosoma nao, kuliko majengo, maabara au vitabu vya shule. Wapo walioisoma ripoti hiyo na kudai kwamba basi shule haina kazi. Mimi nilielewa kwamba anayetaka kuiona kazi ya shule hana budi kwanza kutoa hesabuni kile ambacho mtoto alikuja nacho mkobani.

Katika shule ya kwanza niliyofundisha, watoto waliingia wakiwa tayari wanagawanya desimali, na wengi wao walikuwa na mwalimu wa ziada nyumbani. Kila mwisho wa mwaka tulipongezwa. Nikiwa mkweli, kuna mikondo ambayo kwa muhula mzima sikuifundisha kitu cha maana; niliisimamia tu ikifanya mazoezi, na alama zake zikabaki juu. Shule ya pili ilipokea watoto ambao theluthi yao walikuwa bado wanakwama kwenye jedwali la kuzidisha, ikawatoa wakiwa wanatatua milinganyo, na hata hivyo kwenye orodha ya matokeo ilikaa chini ya ile ya kwanza kila mwaka. Mzazi aliyesoma orodha peke yake alikuwa na haki ya kuidharau, kwa kuwa orodha haikuwa na safu ya kuonyesha walikotoka.

Kwa hiyo takwimu ya kuomba ni ya kundi lilelile la watoto: waliingia na alama gani, wakatoka na alama gani. Shule nyingi huwapima watoto zinapowapokea, hivyo takwimu hiyo ipo hata kama haibandikwi ubaoni. Omba pia idadi: mwaka wa kwanza waliandikishwa wangapi, na wangapi kati yao walikaa kwenye chumba cha mtihani wa mwisho. Shule iliyoandikisha watoto 120, ikawafanyisha mtihani 96 na wote wakafaulu, itatangaza asilimia 100. Ukigawanya kwa walioandikishwa, asilimia hiyo inashuka hadi 80. Huenda wale 24 walihama na wazazi wao, na huenda walishauriwa kwa upole kutafuta shule nyingine kabla ya mtihani. Uliza tu, kisha usikilize jinsi unavyojibiwa. Na kama shule ni ndogo, usiamini matokeo ya mwaka mmoja: penye watahiniwa 50 mtoto mmoja ni asilimia 2, kwa hiyo wakiugua watatu siku ya mtihani shule itaonekana imeporomoka kwa asilimia 6 wakati hakuna kilichobadilika darasani.

Kuna tatizo jingine la wastani ambalo mwanasaikolojia wa Marekani, Donald Campbell, alilieleza katika miaka ya 1970: kadiri kipimo cha namba kinavyotegemewa kufanyia maamuzi, ndivyo watu wanavyozidi kushawishika kukichezea, na ndivyo kinavyozidi kuiharibu kazi yenyewe kilichokusudiwa kuipima. Wahenga wetu walilimaliza kwa maneno machache: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mjini Atlanta, ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2011 ilitaja walimu na wakuu wa shule 178 katika shule 44 waliohusishwa na udanganyifu wa mitihani, ukiwamo ufutaji wa majibu mabaya ya watoto na kujaza yaliyo sahihi. Sisemi kwamba shule unayoifikiria inafanya hivyo. Kilicho cha kawaida zaidi, na nimekifanya mwenyewe, ni kuruka mada zisizotahiniwa na kuwaweka viti vya mbele watoto walio karibu na mstari wa kufaulu, huku wale wa chini kabisa wakiachwa nyuma wakichora magari kwenye kurasa za mwisho za madaftari yao.

Nimeyataja madaftari kwa makusudi, kwa sababu ndiyo kipimo ninachokiamini kuliko vingine vyote. Ukipata nafasi ya kutembelea shule, omba kuona madaftari ya watoto wa mwaka wa pili, majina yakiwa yamefunikwa ikibidi. Utaletewa la mtoto bora. Lipokee kwa adabu, lisifu, kisha uombe la mtoto ambaye somo linamshinda. Hapo ndipo utakapoijua shule.

Nitatoa mfano. Katika shule zote mbili nilikuta kosa lilelile: mtoto anajumlisha nusu na theluthi, anaandika sehemu mbili ya tano, yaani amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Katika daftari la shule ya kwanza kulikuwa na alama ya kosa kwa wino mwekundu, chini yake maneno “Ongeza bidii”, na ukurasa uliofuata ulianza mada mpya. Mtoto yule aliongeza bidii kweli, akalirudia kosa lile mara 14 katika zoezi lililofuata. Katika daftari la shule ya pili mwalimu mwenzangu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa ameandika: “Chora mstatili mmoja. Nusu yake ni ipi? Je, sehemu mbili ya tano ni kubwa au ndogo kuliko nusu hiyo?” Chini yake palikuwa na mstatili uliochorwa kwa penseli butu, umefutwa, umechorwa tena, kisha sentensi ya mtoto mwenyewe: “Ni ndogo kwa hiyo nimekosea.” Siku nne baadaye, kwa tarehe iliyoandikwa pembeni, swali la aina hiyo lilirudi, naye akalipata. Ukurasa ule ulinieleza habari za shule nzima: kwamba mwalimu alisoma kosa badala ya kulihesabu tu, kwamba mtoto alipewa muda wa kurudia, na kwamba kulikuwa na mtu aliyekumbuka kuhakikisha.

Soma madaftari ya masomo mengine kwa jicho hilohilo. Je, mtoto anaandika aya zake mwenyewe, au kurasa zote ni maneno yaliyonakiliwa ubaoni? Je, kazi ya mwisho kusahihishwa ina wiki moja au miezi miwili? Hakuna haja ya kuwa mwalimu ili kuyaona haya.

Baada ya madaftari, jambo ambalo ningelichunguza ni lile linaloitofautisha ngazi hii na shule ya msingi. Mtoto anatoka kwenye darasa ambalo mwalimu mmoja alimjua mpaka namna anavyopiga miayo, anaingia mahali penye walimu 7 au 8, kila mmoja akimwona kwa kipindi kisichofika saa moja. Mwalimu wa hisabati mwenye mikondo 5 ya watoto 35 anashughulika na watoto 175. Mimi nilifika katikati ya muhula nikiwa bado nachanganya majina. Mtoto asiyesoma kwa ufasaha hupotelea katika mwanya huo, kwa sababu mwalimu wa historia anadhani suala la kusoma ni la mwalimu wa lugha, naye mwalimu wa lugha anadhani lilimalizwa shule ya msingi. Kwa hiyo muulize mkuu wa shule swali hili moja: mtoto akifika hapa hawezi kusoma aya moja bila kukwama, ni nani anayegundua, baada ya muda gani, na anafanyiwa nini? Mkuu mmoja alinijibu kwamba walimu wake wote wanajitoa. Mwingine alifungua jedwali, akanionyesha kipindi cha kusoma cha asubuhi mara nne kwa wiki, jina la mwalimu anayekisimamia na idadi ya watoto waliomo. Majibu yote mawili yalikuwa ya heshima. La pili tu ndilo lililokuwa jibu.

Kuhusu walimu, usihangaike sana na vyeti. Uliza wangapi waliokuwapo miaka mitatu iliyopita bado wapo. Walimu wakiwa wanapita kama abiria kituoni, kuna kitu ndani kinachowafukuza, na kila anayeondoka huondoka na alichokijua kuhusu watoto wake. Uliza pia mahudhurio, na usikubali wastani. Shule inaweza kusema mahudhurio ni asilimia 93 huku watoto wachache wakikosa siku nyingi mno. Marekani wana kipimo chepesi kinachotumika sana, cha kuhesabu watoto waliokosa asilimia 10 au zaidi ya siku za masomo, ambazo kwa mwaka wa siku 180 ni siku 18. Omba hesabu ya namna hiyo, uone kama kuna anayeijua bila kwenda kupekua mafaili.

Usalama ni jambo ambalo wazazi huliulizia langoni, kumbe jibu lake liko kwenye ushoroba. Simama humo wakati wa kubadilishana vipindi. Kelele zisikutishe, watoto wa miaka 12 hupiga kelele. Tazama walimu wako wapi, tazama kama wadogo wanatembea katikati ya njia au wanajibanza ukutani. Kisha omba kutumia choo cha wanafunzi, wala usikubali kupelekwa cha wageni. Milango ina komeo? Kuna maji? Msichana anayeanza kupata hedhi akiwa humo ana mahali pa kutupa sodo bila kupita mbele ya wavulana nayo mkononi? Binti yangu alikuwa akijizuia kunywa maji mchana kutwa ili asiingie kwenye vyoo visivyo na komeo, nami, mwalimu mzima, nilikuja kujua baada ya mwaka mmoja. Uonevu nao hujificha palepale. Norwe walipoanza kampeni ya nchi nzima dhidi ya uonevu shuleni mwaka 1983, kazi ya mtafiti Dan Olweus ilijengwa juu ya dodoso ambalo watoto walijaza bila kuandika majina, kwa kuwa watu wazima walikuwa wanaona sehemu ndogo tu ya yanayotendeka. Shule inayokuambia haina uonevu kabisa, iulize mara ya mwisho iliwauliza watoto wenyewe lini.

Nigusie kwa ufupi saa ya kuanza masomo, ambayo wengi huipuuza. Mtoto anapobalehe saa yake ya usingizi husogea mbele, analala kwa kuchelewa na kuamka kwa taabu. Ndiyo maana mwaka 2014 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri shule za ngazi hii zisianze kabla ya saa 2:30 asubuhi. Kama shule mbili zinalingana kwa mengine yote, ile inayomwacha mtoto alale nusu saa zaidi imeshakupa kitu.

Majengo, bendera za ushindi, chumba cha kompyuta: vitazame kwa muda wa kunyosha shingo tu. Chumba cha kompyuta cha shule yangu ya kwanza kilikuwa kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona, na ufunguo wake ulikaa kwa mtu ambaye alikuwa likizo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa nikiri kosa langu, maana nisingependa uone kama ninakufundisha kutoka juu. Kifungua mimba wangu, huyo binti wa vyoo, nilimchagulia shule kwa wastani, mimi niliyekuwa nikijua yote haya kwa miaka. Ilikuwa ya kwanza kwenye orodha, nami sikutaka majirani waniulize kwa nini sikumpeleka. Hakuanguka mtihani. Ila katika mwaka wa pili aliacha kuuliza maswali nyumbani, na nilipofungua daftari lake la sayansi nikakuta miezi miwili ya kurasa zisizoguswa na kalamu ya mwalimu, zote zimenakiliwa kwa mwandiko nadhifu sana.

Kitinda mimba nilimpeleka kwenye shule ya wastani wa kawaida, baada ya asubuhi mbili za kuzunguka ndani yake. Mkuu wa shule hakunichagulia daftari. Alifungua kabati, akaniambia nichukue ninalotaka, kisha akatoka kwenda kusimamia ushoroba kwa sababu kengele ilikuwa imelia.