Uliza Anti: Galeri za Kampala, askari wa getini na lubugo feki

Mwezi huu barua za sanaa zimenijazia meza, na kosa ni langu mwenyewe. Toleo lililopita niliropoka hapa kwamba ndani ya Kampala mtu anaweza kuzunguka wiki nzima akiangalia picha na sanamu bila kutoa hata mia mfukoni, basi mkaanza: wapi, lini, mlango uko upande gani. Haya, tukae tuongee.

SWALI: Anti shikamoo. Mimi niko Nansana. Wifi yangu anakuja na mumewe kutoka Mombasa, siku tano tu, na wale ni watu wa kupenda picha sana. Ananiuliza kwenye simu kuna maonyesho gani saa hizi Kampala, nabaki mdomo wazi, miaka kumi na mbili niko hapa sijawahi kuingia galeri hata moja. Pale Industrial Area napita kwenye taksi naona geti na askari, naogopa. Niwapeleke wapi nisiaibike?

ANTI: Marahaba mwanangu. Tuanze na huyo askari maana naona ndiye anayewazuia nusu yenu. Atapekua mkoba, atakupa daftari uandike jina na saa uliyoingia, basi. Lile daftari si la ushuru. Mara ya kwanza mimi kuingia galeri nilikuwa nakimbia mvua, malapa yamejaa matope mekundu mpaka vifundoni, nikajua leo nafukuzwa, badala yake binti wa pale ndani akaniletea kitambaa nijifute miguu halafu akaniacha nimesimama mbele ya picha nadondosha maji kama mwavuli. Hakuna aliyeniuliza nanunua nini. Tangu siku hiyo naingia tu.

La pili, usinitake nikutajie onyesho la wiki hii kwa jina. Galeri zetu zinashusha na kupandisha picha kila baada ya wiki kadhaa, gazeti likifika Nansana unakuta ukuta umeshapakwa rangi upya na wewe unasimama pale na karatasi yangu mkononi. Asubuhi ya siku ya kutoka fungua ukurasa wao kwenye simu, au piga kabisa uulize. Mimi nakupa mahali, maana mahali hapahami.

Hilo geti unalolipita Industrial Area, kama ni la 7th Street, huenda ni Afriart Gallery yenyewe. Ilianzishwa 2002 na Daudi Karungi, naye ni mchoraji, na ukitaka kuona hawa vijana ambao kazi zao zinauzwa mpaka Ulaya na Marekani, unaanzia hapo. Ukikuta wametundika kazi ya Stacey Gillian Abe utaijua bila kusoma kibao, watu wake wana ngozi ya bluu ile nzito ya nili. Na ukimkuta Sungi Mlengeya, hapo wifi yako atatulia. Huyu ni Mtanzania, hakusomea kuchora, alikuwa mtu wa benki, akaacha. Anachora wanawake weusi, weusi kweli, uso, shingo, mikono, wamevaa nguo nyeupe na nyuma yao ni nyeupe tupu, kwa hiyo ile nguo hauioni, imeyeyuka, unabaki na mkono unatokea kwenye weupe na kichwa kimeinama na jicho lako ndilo linalomalizia gauni. Ukisogea karibu unaona pale ngozi ina kahawia, ina kamwanga pembeni ya shavu. Simama hatua mbili, kisha rudi nyuma kama sita, uone inavyobadilika. Siahidi kwamba atakuwepo siku hiyo, nasema ukimkuta.

Kesho yake chukua taksi, yaani matatu zetu, za Ggaba Road ushuke Kabalagala, ulizia 32° East. Ndiyo, jina ni namba, ni ile longitudo inayopita hapa kwetu. Wameanza 2011 na sasa wana jengo lao, na hilo jengo peke yake ni sababu ya kwenda, udongo uliochimbwa hapo hapo kwenye kiwanja ndio uliotumika kujengea. Pale si galeri ya kuuza, ni mahali wasanii wanapofanyia kazi, kwa hiyo unaweza kukuta mtu yuko katikati ya kitu chake, rangi mpaka kwenye nyusi, na akiwa hana haraka anakueleza. Kina Mombasa wengi wanapenda hapo kuliko kwenye kuta nyeupe.

Ukibaki na nusu siku, Nommo iko Nakasero, Victoria Avenue, hiyo ni galeri ya taifa tangu 1964. Nitasema ukweli, kuna siku nimekuta kitu cha kunishika moyo na kuna siku nimekuta vumbi. Piga simu kwanza.

SWALI: Anti, niko na watoto watatu, mkubwa ana miaka kumi. Siku yangu ya kupumzika ni Jumapili peke yake. Nikiwapeleka kuangalia picha ukutani watanitia aibu.

ANTI: Usiwapeleke kwenye picha. Jumapili galeri nyingi zimefunga hata hivyo. Wapeleke Uganda Museum, taksi za Kamwokya na Ntinda zinapita mbele yake pale Kira Road, kiingilio kwa Mganda ni kidogo. Makumbusho yenyewe ni mzee wa 1908, yalianzia Old Kampala, na jengo hili la sasa limefunguliwa 1954, limechorwa na Mjerumani mmoja Ernst May, angalia jinsi mwanga unavyoingia kutokea juu, mchana kweupe hauna haja ya taa. Watoto hawatajali hilo. Watoto watakwenda moja kwa moja kwenye ngoma. Kuna chumba kizima cha ala, ngoma za ukubwa wote, vinubi, zeze, filimbi, pembe, na nyuma ya jengo kuna nyumba za kienyeji za makabila mbalimbali wanazoweza kuingia na kutoka wakikimbizana. Kula rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai, kabla ya kuingia, usifanye kosa langu la kwenda na watoto wenye njaa.

SWALI: Mimi ni Mtanzania nasoma Makerere mwaka wa pili. Anti nakusoma kila mwezi lakini wewe unaisifia sana Kampala. Hii sanaa yenu ni ya Waganda, sisi wengine ni wageni wa kuangalia tu.

ANTI: Ha! Mtoto wa watu, unalala Makerere na hujui umelala juu ya nini. Chuo chenu cha sanaa kina jina la Margaret Trowell, mama wa Kiingereza aliyeanza kufundisha uchoraji 1937, tena barazani kwake, si darasani. Sasa uliza waliopita hapo ni nani. Sam Ntiro, Mchaga wa Kilimanjaro, alisoma hapo akafundisha hapo, alichora watu wa kwao wanalima, wanabeba pombe ya ndizi wanapeleka kwa bibi harusi usiku, na hiyo picha ya pombe iko New York, kwenye Museum of Modern Art. Baadaye nchi yako ikamtuma London kuwa balozi. Elimo Njau, naye wa Kilimanjaro, kasoma Makerere, akaenda Nairobi akafungua Paa ya Paa 1965. Na Gregory Maloba ni Mkenya.

Huyo Maloba unaye mfukoni. Toa noti yoyote ya Uganda, ya elfu moja au ya elfu hamsini, tafuta kasanamu ka mtu aliyeinua mtoto juu. Ni Sanamu ya Uhuru, Maloba aliichonga 1962, iko pale karibu na Sheraton. Yaani kitu ambacho Uganda imekichapa kwenye noti zake zote kimetengenezwa na mtoto wa Kenya aliyesomea hapo hapo unapolalamikia. Nenda uione kwa miguu, angalia mwili wa yule anayebeba, umefungwa vitambaa kuanzia miguuni kwenda juu kama mtu wa bandeji, ila mtoto yuko huru, mikono hewani. Wengi wanapiga selfi pale bila kuangalia miguuni.

Halafu ukirudi chuoni ingia maktaba kuu, kuna mti mkubwa umechongwa na Francis Nnaggenda, unaitwa War Victim. Ni mwili uliokatwakatwa na vita, viungo vinapungua, na bado umesimama. Aliufanya miaka ya 80, na kama kuna mzee wa Luweero, kulikopiganwa vita miaka hiyo, unamfahamu usimwambie maneno mengi, mpeleke tu. Galeri ya chuo iko hapo hapo kwenye sanaa, pita baada ya lekcha.

SWALI: Nilinunua lubugo, ile nguo ya gamba la mti, kwa mchuuzi mmoja wa crafts mjini, nikampelekea rafiki zawadi, akaloweka akidhani ni nguo ya kufua, ikaachia rangi na gundi! Nimeaibika. Nitajuaje lubugo halisi?

ANTI: Pole, umeuziwa kitambaa cha kupaka rangi, na rafiki yako naye, nani anafua lubugo? Sikia. Lubugo ni gamba la mti unaoitwa mutuba. Fundi anakwangua lile la juu, anachana gamba lote la shina kwa urefu, halafu ule mti anaufunga majani ya ndizi kama mgonjwa, haufi, unaota gamba jingine na mwakani anarudi. Gamba linapikwa kwa mvuke kulainishwa, linapigwa kwa nyundo za mbao zenye mistari, anaanza na mistari mipana anamalizia na myembamba, ndani ya kibanda chenye kivuli lisikauke haraka, mpaka kile kipande kinapanuka mara kadhaa. Kisha juani, hapo ndipo linapata ile rangi ya chungu.

Kwa hiyo la kwanza, liinue kwenye mwanga. Kitambaa cha dukani kina nyuzi zinazokatana kama wavu. Lubugo halina kufumwa, unaona nyuzinyuzi zinapishana ovyo, kuna mahali pazito na mahali pembamba. La pili, tafuta viraka. Fundi wa kweli akikuta tundu analishona kwa mkono, ukikuta kipande kikubwa hakina hata mshono mmoja, uliza maswali. La tatu, nusa. Linanuka mti na moshi kidogo. Likinuka rangi ya ukuta, weka chini uende.

Na ujue unanunua nini, maana hilo si pambo la watalii, Baganda wanazikia watu wao kwa lubugo, UNESCO wakalitangaza urithi 2005 na 2008 likaingia kwenye orodha yao. Ukitaka kuliona likiwa sanaa ya leo, tafuta kazi za Sana Gateja, mzee anayekunja karatasi kuukuu kuwa shanga, shanga maelfu, anazishona juu ya lubugo mpaka ukiwa mbali unaona kama shamba limepigwa na jua. Yeye alikuwa kwenye banda la Uganda kule Venice, Italia, kwenye yale maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia, 2024. Banda la kwanza lilikuwa 2022, Acaye Kerunen na Collin Sekajugo, majaji wakalitaja kwa heshima maalumu, na kazi za Kerunen ukiziangalia ni ukili na ususi wa mama zetu, mambo ya mikeka, yameshuka ukutani kama maji. Bibi yangu angesema, kwani hii si ndiyo nilikuwa nasuka mimi?

YA HARAKA HARAKA

Wa Kibuli anauliza kama kupiga picha kunaruhusiwa. Mara nyingi ndiyo, bila flashi, lakini omba.

Wa Entebbe anataka kujua bei za galeri zikoje. Kubwa, nyingi kwa dola. Kama una elfu hamsini nenda kwenye vibanda vya crafts nyuma ya National Theatre, na pale bei unapatana, usilipe ya kwanza kama mzungu.

Wa Katwe, ndugu yangu Mkongomani, anauliza kama lazima ajue Kiingereza. Hapana. Wapo kwenye galeri watakaokujibu kwa Kiswahili hiki hiki cha kuungaunga.

SWALI LA MWISHO: Anti, mimi ni wa boda, stegi yangu iko karibu na sehemu moja ya sanaa. Jioni naleta wateja wamevaa vizuri, wanaingia, wanatoka saa tatu na glasi wamecheka. Mimi nabaki nje na pikipiki. Siku nikiingia na koti langu hili la kazi na helmeti mkononi itakuwaje?

ANTI: Utaandika jina kwenye daftari, kama wao. Hizo jioni unazoziona ni za ufunguzi, na mara nyingi mlango uko wazi kwa yeyote, na soda iko. Tena nikwambie kitu, mwaka 2014 hawa 32° East kwenye tamasha lao la KLA ART walichukua wasanii wakawapa bodaboda, kila msanii na pikipiki yake aigeuze kazi ya sanaa, zikazunguka mjini. Kwa hiyo chombo chako kilishaingia kwenye maonyesho kabla yako. Nenda siku ya Jumatano au Alhamisi mchana pakiwa kimya, mwachie mwenzako wa stegi zamu, helmeti weka chini karibu na mlango, siyo juu ya kitu chochote chenye umbo la stuli. Mimi niliwahi kukalia stuli, kumbe ilikuwa sanamu.