Kitufe kikisema "Rejesha", kinarejesha nini?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nipo katika chama cha akiba na mikopo, na mimi ndiye niliyeangukiwa na kazi ya kutengeneza mfumo wetu wa maombi ya mikopo kwa Power Apps, kifaa cha Microsoft cha kutengeneza mifumo bila kuandika programu nyingi. Uprogramu sikuusomea; nimejifunza kwa kujaribu na kuharibu. Mfumo unakwenda vizuri, ila tunagombania maneno ya vitufe vilivyopangwa juu ya fomu. Mimi nimeweka "Hifadhi", "Idhinisha", "Rejesha", "Futa" na "Mpya". Katibu anataka "Kuhifadhi" na "Kuidhinisha", anasema "Idhinisha" ni kumwamrisha meneja. Mwenyekiti anataka "Uidhinishaji". Juzi karani kabonyeza "Rejesha" akidhani anaandika marejesho ya mwanachama, kumbe amelirudisha kwa mwombaji ombi lililokwisha kupita kwenye kamati. Nani kati yetu yuko sahihi? Na ule mstari wenye vitufe tuuite nani?

JIBU: Marahaba. Nianze na katibu, maana hoja yake ina adabu ndani yake. Kiswahili hujali sana nani anamwambia nani. Kumwambia mkubwa wako "idhinisha" kavukavu, bila "tafadhali" wala "naomba", ni utovu wa heshima. Lakini katibu hajajiuliza ni nani anayesema hapo. Kitufe hakimwambii meneja neno. Meneja ndiye msemaji, na anayeamrishwa ni mashine. Anapobonyeza "Idhinisha" ni kama amemgeukia mtu wa masjala akamwambia: piga muhuri.

Ushahidi mnao mifukoni. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na tangu hapo wazee kwa vijana wamekuwa wakichagua "Tuma pesa" kila siku. Sijamsikia mzee hata mmoja akilalamika kwamba simu imemkosea heshima. Tena fuata hatua zake uone jambo la kufurahisha. Kwenye "Tuma pesa" wewe ndiye unayeiambia simu. Ukifika mahali pa kuingiza namba ya siri, sauti imegeuka: sasa simu ndiyo inayokuambia wewe. Umbo la kitenzi ni lilelile la kuamuru mtu mmoja, msemaji tu ndiye aliyebadilika. Neno "Ingia" kwenye mlango wa mfumo nalo ni la namna hiyo. Mashine haiingii popote. Inakukaribisha kama mwenyeji aliyesimama kizingitini.

Kwa hiyo kitufe kibaki "Idhinisha", na adabu ya katibu ihamie pale mashine inapozungumza. Power Apps inakuruhusu kukiandikia kila kitufe maelezo mafupi yanayojitokeza mtu akikielekezea kishale. Hapo ndipo pa "Tafadhali hakikisha wadhamini wote wawili wametia saini." Mimi hupenda pia kutumia hu- ya mazoea katika maelezo hayo: "Huhifadhi ombi bila kulituma kwa kamati." Haiamuru wala haibembelezi, inaeleza kazi ya kitufe, kama vile tunavyosema jogoo huwika.

Mwenyekiti naye hajakosea sana, kakosea mahali. "Uidhinishaji" ni jina la shughuli nzima, yenye mwanzo na mwisho na watu kadhaa ndani yake. Linafaa kuwa jina la hatua ambayo ombi limefikia, au kichwa cha menyu yenye amri nne tano chini yake. Kitufe kimoja hakifanyi shughuli nzima. Kinafanya tendo moja, mara moja. "Kuidhinisha" nalo ni jina la tendo, ningeliweka kwenye kitabu cha mwongozo: "Sura ya tatu: Kuidhinisha mkopo."

Sasa tuje kwa karani, maana hapo ndipo penye kidonda. Mnamlaumu bure. Katika chama cha akiba na mikopo neno "rejesha" lina mwenyewe. Mwanachama hurejesha mkopo, chama huandika marejesho, na kwenye mikutano mwenye kuchelewesha marejesho hutajwa kwa sauti ambayo kila mtu huielewa. Karani aliyeona "Rejesha" juu ya fomu ya mkopo alisoma Kiswahili cha kazini kwake, tena alikisoma sawasawa. Wewe uliyeliandika ulikuwa unafikiria kurudisha karatasi mezani kwa mwombaji. Kamusi itakutetea, kwa kuwa kurejesha ni kurudisha kitu kilikotoka. Ofisi haitakutetea.

Dawa yake ni kumtaja anayerudishiwa: "Mrudishie mwombaji". Angalia mwisho wa kitenzi hicho. Amri ikibeba kiambishi cha mtendwa, irabu ya mwisho hugeuka kuwa e: mtumie, mrudishie, lifute. Naiona mifumo mingi ikiandika "Mtumia mteja", na kila mara husimama kidogo nikijiuliza huyo mtumia-mteja ni nani. Vitenzi vya asili ya Kiarabu vinavyoishia na i au u havibadiliki, kwa hiyo "lihifadhi" ni sahihi. Wakati huohuo, kitufe cha kuandika malipo kiite "Pokea marejesho", na msiviweke viwili hivyo mahali pamoja. Power Apps ina sehemu nne za kuweka upau, yaani ule mstari wenu wa vitufe: kwenye orodha kuu, kwenye fomu yenyewe, kwenye orodha ndogo iliyo ndani ya fomu, na kwenye orodha ya rekodi zinazohusiana na ile uliyoifungua. "Pokea marejesho" kikae kwenye orodha ndogo ya malipo, "Mrudishie mwombaji" kwenye fomu ya ombi. Tena kila kitufe unaweza kukiwekea sharti la kuonekana. Ombi likishapita kwenye kamati, "Mrudishie mwombaji" kiondoke machoni kabisa. (Kukificha si kukifunga. Asiyepaswa kurudisha ombi aondolewe ruhusa hiyo kwenye mfumo, maana neno zuri halilindi kitu.)

Kuna mtego wa pili ambao bado haujawanasa, na nawaonea huruma siku utakapowanasa. Ni "Futa". Tunafuta ubao, tunafuta machozi, tunafuta kazi, na tunafuta deni. Ukiiweka amri ya "Futa" juu ya rekodi ya mkopo wa mtu, umeandika nini? Mtu wa kompyuta anasoma: ondoa rekodi hii. Mwanachama akichungulia begani kwa karani anasoma: nimesamehewa! Na kama mfumo wenu una mahali pa kuandika kweli madeni yasiyolipika ambayo mkutano mkuu umeamua kuyafuta, mtakuwa na ufutaji wa aina mbili unaogombania kitenzi kimoja. Mimi ningesema "Ondoa rekodi" kwa la kwanza na "Samehe deni" kwa la pili. Kwenye mfumo wa shule au wa duka la dawa, "Futa" haina ubaya wowote.

Ndiyo maana sipendi orodha za tafsiri za vitufe zinazosambazwa kana kwamba neno moja linatosha kila mahali. Faida ya vifaa hivi vya kutengeneza mifumo bila kuandika programu nyingi ni kwamba anayeandika jina la kitufe ni mtu wa ofisini mwenyewe, si mfasiri aliyeko mbali ambaye hajawahi kusikia mkutano wa chama. Ukinakili maneno ya simu yako na kuyabandika kwenye fomu ya mkopo, faida hiyo umeitupa.

"Mpya" ni hadithi nyingine, na hapa kosa si lako. Ni la kurithi. Kiingereza kina neno moja lisilobadilika, kwa hiyo kitufe cha kuongeza rekodi kinaweza kuandikwa "New" kwenye orodha yoyote. Kiswahili hakina sifa inayoning'inia hewani. Mwanachama mpya, sawa. Ombi jipya. Cheti kipya. Malipo mapya. Wadhamini wapya. Ukibandika "Mpya" kwenye orodha ya maombi, sikio la msomaji linangoja nomino ambayo haiji, na ikija kutoka kichwa cha orodha hailingani. Unaweza kuandika nomino na sifa yake kwenye kila jedwali, "Ombi jipya", "Cheti kipya", si vibaya. Lakini kitenzi ni bora, kwa sababu amri haihitaji kupatana na kinachoifuata. Na kila kitu kina kitenzi chake: mwanachama husajiliwa, ombi huandikwa, cheti hutolewa, mdhamini huongezwa. Nimewahi kuona "Unda mwanachama". Nilicheka peke yangu. Kuunda ni kazi ya fundi wa jahazi. Mwanachama haundwi kwa mbao na misumari, mnamsajili.

Upatanisho huohuo unaotusumbua kwenye "Mpya" unatuokoa mahali pengine, ambapo nadhani hamjapafika. Kiswahili huweka jina kwanza na maelezo nyuma. Ukiwa na vitufe vitatu, "Chapisha ripoti ya mwezi", "Chapisha ripoti ya robo mwaka" na "Chapisha ripoti ya mwaka", maneno mawili ya mwanzo ni yaleyale, tofauti iko mkiani. Na kwenye kioo chembamba mkia ndio hukatwa, ukabaki na "Chapisha ripoti..." tatu zilizofanana kama mapacha. Mwingereza hapati tabu hiyo kwa sababu yeye hutanguliza mwezi na mwaka. Fanya hivi: tengeneza menyu kunjuzi moja, ile inayofunguka ukiibonyeza, iitwayo "Chapisha ripoti", na ndani yake weka "Ya mwezi", "Ya robo mwaka", "Ya mwaka". Ile "ya" inabeba ripoti yote mgongoni. Ingekuwa cheti ungeandika "Cha mwanachama", "Cha mdhamini", na hakuna ambaye angeuliza cha nini. Hiyo ni akiba ya nafasi ambayo Kiingereza hakina, na sisi tumekalia kulalamika kwamba Kiswahili ni kirefu.

Kwa kuwa nimegusa urefu: vitufe visivyoenea husukumwa ndani ya nukta tatu mwishoni mwa upau, na kwa watu wengi kilichomo humo ni kama hakipo. Kwa hiyo panga kwa kazi. "Hifadhi" na "Idhinisha" vitangulie, "Ondoa rekodi" iende mwisho, ikijificha ni heri. Neno "Hifadhi", kwa njia, ni nomino na kitenzi kwa pamoja, na Mtanzania anaweza kuwaza tembo wa Serengeti. Lisiwe kichwa cha menyu. Likiwa kitufe cha peke yake chenye picha yake halimchanganyi mtu.

Hukuuliza kuhusu "Ghairi", lakini najua utaiweka kwenye kile kisanduku cha kuthibitisha, kwa hiyo nikuwahi. Kughairi ni kubadili nia. Anayeghairi ni mtu aliyekuwa na nia, yaani wewe, si mashine. Limeshazoeleka kwenye simu na sitalipigia kelele. Tatizo huja pale swali lenyewe linapohusu kughairi: "Je, unataka kughairi ombi?" halafu chini pana "Sawa" na "Ghairi". Ubonyeze kipi? Andika majibu yanayorudia kitenzi cha swali: "Kuondoa rekodi hii?" na chini yake "Ondoa" na "Usiondoe". Amri ya kukanusha kwa usi- ni fupi na haiachi shaka, na sijui kwa nini watengenezaji wanaiogopa.

Umeuliza mwisho jina la ule mstari. Mimi huuita upau wa amri. Upau ni ule mti mwembamba unaolazwa kwenye paa la nyumba ya kuezeka, na vitufe vimelala juu yake hivyohivyo. Wengine wanapenda "mwambaa", kutoka kuambaa, yaani kwenda sambamba na kitu, na ni jina zuri. Chagueni moja mlishike. Kitufe kwa asili ni tufe dogo, ingawa siku hizi vyote ni vya pembe nne. Kitu kimoja tu nawakataza. Msikiite kifungo. Hicho ni cha shati, au cha miaka mitatu, na katika chama kinachoshika fedha za watu hakuna mwanachama atakayefurahi kusikia meneja anatafuta kifungo chake.